Kuwamba bahari: picha ya pwani kwenye kanvasi, kutoka Pangani hadi ukuta wa Arusha

Maduka ya picha ya Arusha na Moshi yamejaa tembo, twiga na Kilimanjaro, na picha za aina hiyo husamehe mengi. Mlima hauna upande ulionyooka, na mgongo wa tembo hakuna anayeupima. Bahari haisamehe. Ina mstari mmoja mrefu pale maji yanapokutana na mbingu, na yeyote aliyeketi kwenye kochi atauona ukiwa umeinama hata kidogo. Upeo ulioinama kwa nusu ya nyuzi moja, kwenye picha yenye upana wa sentimita 90, huufanya upande mmoja uwe juu ya mwingine kwa karibu milimita 8. Mstari huo unaweza kuharibikia kwenye kamera, kwenye kompyuta, kwa seremala, au siku ya kuwamba, yaani kuvuta kanvasi juu ya fremu na kuipigia pini. Vipimo vyote hapa ni vya picha ya sentimita 60 kwa 90, ukubwa unaokaa vizuri juu ya kochi la watu watatu na ambao kamera ya megapikseli 24 inaumudu bila kulazimishwa.

Mwezi kwanza, tiketi baadaye

Kwa mtu wa Moshi au Arusha, bahari ya karibu ni ya Tanga, kwa barabara ya Same, Mombo, Korogwe na Muheza. Kutoka Tanga mjini unaweza kushuka kusini hadi Kigombe, Pangani, na ng'ambo ya mto hadi Ushongo. Pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Anayetaka jua likizama majini aende upande wa magharibi wa Unguja. Bara hatalipata kirahisi.

Kabla ya kukata tiketi, angalia mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna tofauti ya zaidi ya mita 3. Jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi kwa kutegemea mwezi wa mwaka, hivyo alfajiri ya bamvua utayakuta maji yanarudi nyuma, yakiacha michirizi mirefu mchangani. Ni wakati mzuri. Lakini kama unachotaka ni miamba iliyo wazi na madimbwi yanayoakisi mbingu jua likichomoza, panga safari siku 4 au 5 kabla ya mwezi kuwa mpevu au kuandama. Siku hizo maji hupwa karibu na mapambazuko, ingawa hayaendi mbali kama ya bamvua. Thibitisha saa kwa jedwali la bandari, au muulize mvuvi jioni. Wavuvi wa Kigombe hawahitaji jedwali.

Upepo nao una msimu. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, huleta mawimbi na chumvi hewani. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huwa na maji maangavu zaidi na anga safi. Wakati wa masika usitegemee kijani cha maji kwenye mlango wa mto Pangani: mto huo, unaoanzia kwenye vijito vya Meru na Kilimanjaro, huingia baharini ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wapo wanaoipenda rangi hiyo, na kwenye kanvasi kweli inapendeza, ila iwe umeikusudia.

Ukisimama kwenye miamba maji yakianza kujaa, tazama nyuma yako na si mbele tu. Kwenye ufukwe tambarare maji hupita kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na nchi kavu. Omba ruhusa kabla ya kupiga watu na ngalawa zao, na usielekeze kamera bandarini wala kwenye vyombo vya dola bila kibali. Kisiwa cha mchanga cha Maziwe ni hifadhi, kina kiingilio.

Kamera mchangani

Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), ISO 100, tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Ukifunga hadi f/16 au f/22 mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo na picha nzima hulainika, jambo ambalo huwezi kuliona kwenye kioo cha kamera lakini utaliona kwenye sentimita 90. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa, f/11, weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 2 hadi 3 mbele yako; mwamba wa karibu na upeo wote vitatoka vikali.

Kasi ya shata ndiyo inayoamua sura ya maji. Kwa 1/500 ya sekunde matone yanasimama hewani. Kati ya robo sekunde na sekunde 1 wimbi linalorudi linachora nyuzi nyeupe mchangani. Kuanzia sekunde 30 bahari inakuwa kama ukungu. Kwa kanvasi, robo hadi sekunde 1 ndiyo yenye thamani kubwa zaidi: nyuzi zile za maji bado zina umbo, na mfumo wa kitambaa hauzimezi. Ukungu wa sekunde 30 hupendeza kwenye karatasi laini, lakini juu ya kitambaa mara nyingi hugeuka kuwa sehemu kubwa tupu yenye vishimovishimo.

Baada ya jua kupanda utahitaji filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Ya hatua 6 hupunguza mwanga mara 64, yaani 1/15 ya sekunde inakuwa kama sekunde 4. Ya hatua 10 hupunguza karibu mara 1,000, na 1/30 inakuwa sekunde 34. Ngalawa iliyotia nanga hucheza, kwa hiyo kwenye picha ya sekunde nyingi itatoka na kivuli mara mbili. Piga nyingine ya 1/250 bila kusogeza tripodi, uziunganishe baadaye, au tafuta ngalawa iliyokwama mchangani maji yakiwa yamepwa.

Miguu ya tripodi izamishe sentimita 10 hadi 15 na uisukume hadi ikatae. Kila wimbi linalopita hunyonya mchanga chini ya mguu, na picha ya tatu itakuwa imeinama ijapokuwa ya kwanza ilinyooka. Angalia pimamaji ya kamera kabla ya kila picha. Usinyanyue nguzo ya katikati. Zima kitulizo cha mtikisiko kwenye lenzi.

Chumvi: futa kioo kila dakika chache kwa kitambaa laini, na kiwe zaidi ya kimoja, maana cha kwanza kitakuwa kimelowa chumvi kabla jua halijatoka vizuri. Jioni osha miguu ya tripodi kwa maji yasiyo na chumvi, ukifungua viungo vyote. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa baada ya kutoka nje, la sivyo lenzi itajaa umande na mapambazuko yatakupita ukiifuta.

Unapopanga picha, kumbuka kwamba pembeni patakunjwa. Kwenye kanvasi iliyowambwa, karibu asilimia 5 ya upana kila upande na asilimia 7 ya kimo juu na chini zitaishia ubavuni mwa fremu. Ncha ya mlingoti ikigusa ukingo wa picha, ukutani itakuwa imekatika.

Kwenye kompyuta

Mpangilio una maana. Ondoa kwanza upindo wa lenzi kwa profaili yake, ndipo unyooshe upeo. Lenzi pana huupinda mstari ulio mbali na katikati ya picha, na ukiunyoosha kabla ya kuondoa upindo utapata mstari ulio sawa kwenye ncha zote mbili na wenye kitumbo katikati. Tumia chombo cha kunyooshea kutoka ncha hadi ncha, kwenye sehemu ya bahari wazi tu, wala si kwenye ukingo wa kisiwa au mikoko, kwa sababu ukingo wa pwani hupinda kweli.

Kisha kuza picha hadi asilimia 100 na upite anga lote kipande kwa kipande. Vumbi la Arusha likishaingia kwenye sensa hutokea kama madoa ya kijivu, hasa kwa f/11, na mbingu tupu haina pa kuyaficha. Hariri kwa biti 16. Anga linalobadilika polepole kutoka chungwa hadi samawati, likihaririwa kwa biti 8, hugawanyika kuwa mistari kama ngazi, na mashine ya kuchapa huizidisha. Kuongeza chembechembe kidogo sana kwenye anga husaidia.

Sasa ukubwa. Ubavu wa fremu ni sentimita 4, ongeza nusu sentimita ya tahadhari: picha inaenea sentimita 4.5 zaidi kila upande, na jumla yake inakuwa 69 kwa 99. Faili la pikseli 6,000 kwa 4,000 litakupa takriban pikseli 147 kwa inchi, na utapunguza kidogo upana, kutoka pikseli 6,000 hadi kama 5,740. Kwa kanvasi inatosha. Chini ya 100 mwamba huanza kuonekana kama umepakwa sabuni. Nje ya picha acha ukingo mweupe wa sentimita 3.5 wa kupigia pini, hivyo kipande chote kinakuwa sentimita 76 kwa 106.

Kwenye ukingo huo mweupe chora alama ndogo za milimita 3: moja katikati ya kila upande, na mbili zaidi, kushoto na kulia, kwenye kimo kilekile cha upeo. Wachapaji hawaziweki wenyewe, na bila hizo utawamba ukiwa kipofu, kwa sababu kanvasi italazwa kifudifudi.

Kwa mchapaji

Wachapaji wengi wa mjini wanaishi kwa mabango na stika, na mashine zao ni za wino wa kiyeyushi (solvent) na rangi 4. Zinaweza kutoa kanvasi nzuri zikielekezwa. Mashine ya wino wa pigmenti yenye rangi 8 au zaidi itakupa kijani cha bahari kilicho bora. Uliza mambo haya kabla ya kukabidhi faili: kanvasi ina uzito gani (tafuta gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba, ya pamba au pamba na poliesta, nyepesi zaidi huonyesha mbao kwa nyuma), na watatumia pasi ngapi, yaani kichwa cha mashine kitapita mara ngapi juu ya sehemu ileile. Kwa bango pasi 4 zinatosha kwa sababu linatazamwa kutoka barabarani. Kwa anga la bahari omba 6 au 8, la sivyo utaona michirizi ya kichwa cha mashine ikipita mbinguni.

Rangi mbili huleta ugomvi. Kijani-samawati cha maji ya kina kifupi mara nyingi kipo nje ya uwezo wa wino wa rangi 4, na hutoka kimefifia. Samawati nzito ya alfajiri huelekea zambarau. Kama duka lina profaili ya ICC ya kanvasi yake (faili linaloonyesha rangi zitakavyotoka), iombe, utazame picha kupitia hiyo kabla ya kutuma. Kama halina, peleka faili la sRGB na upunguze mwenyewe zambarau kidogo kwenye samawati. Na kioo cha kompyuta karibu kila mara kinang'aa kuliko kitambaa. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo, ukipunguze mwanga hadi weupe wa vyote viwili ukaribiane, ndipo uamue kama miamba ni mieusi mno.

Usichape picha nzima kabla ya jaribio. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 30 kutoka kwenye faili la ukubwa kamili, chenye anga, povu na mwamba mweusi pamoja, ukichape kwenye kanvasi ileile. Ukitazame sebuleni, mahali picha itakapokaa, mchana na usiku. Gharama ya kipande hicho ni ndogo mno ukilinganisha na mita ya kanvasi iliyoharibika.

Kanvasi ya wino wa kiyeyushi iache ipumzike saa 24 kabla ya kuigusa. Ukiikunja mapema, wino ulio laini utapasuka kwenye kona. Vanishi iwe ya akriliki inayochanganywa na maji, yenye kinga ya jua, tabaka 2 au 3 nyembamba kwa rola ya sponji, kila moja ikivuka nyingine. Siku za mvua za masika vanishi hukauka ikiwa na utando wa maziwa. Subiri siku kavu. Asubuhi za Julai Arusha pia ni baridi mno kwa kazi hii, anza saa 5 au 6 mchana. Vanishi hupakwa kabla ya kuwamba, si baada. Kama utasafirisha, viringisha picha ikiwa nje, juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi.

Fremu ya seremala

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na si kwa kosa la mchapaji. Mbao za paina zinazopasuliwa mikoani mwetu ni nyepesi na zinafaa, lakini mara nyingi hufika dukani zikiwa mbichi. Ubao mbichi ukifungwa kwenye fremu hujipinda ukikauka, kona moja hunyanyuka kutoka ukutani, na hakuna wa kuirudisha. Nunua mbao zilizonyooka, zisizo na vifundo, uzipange ndani ya nyumba zikiwa na vijiti katikati kwa wiki kadhaa.

Kila ubao uwe na ubavu wa sentimita 4 na unene wa 2 au zaidi. Mwambie fundi apige randa upande wa mbele kwa mteremko, ukingo wa nje ukiwa juu ya ule wa ndani kwa milimita 3 hadi 5. Mteremko huu ndio unaoizuia kanvasi isiuguse ukingo wa ndani. Ukikosekana, baada ya miezi michache utaona mstari ukizunguka picha yote, sentimita chache kutoka pembeni, na baharini mstari huo unashindana na upeo.

Kona zikatwe kwa nyuzi 45. Zisigandishwe kwa gundi. Ziunganishwe kwa ulimi na tundu, na kila kona iwe na nafasi ya kabari 2 za mbao. Kwenye upande wa sentimita 90 weka ubao mmoja wa kukingama katikati, nyuma kidogo ya uso wa fremu. Pima mishazari miwili, kona hadi kona, kwa futi: kila mmoja uwe sentimita 108.2. Tofauti ikizidi milimita 2, kona za fremu si za nyuzi 90, na kanvasi haitakubali kunyooka hata ukiivuta namna gani. Skwea kwenye kona pekee haitoshi kuthibitisha hilo.

Kuwamba

Lete meza safi, blanketi, stepla ya mkono yenye pini za milimita 8, na koleo pana la kuvutia kanvasi. Stepla ya upepo ya fundi sofa inafanya kazi haraka, ila punguza presha. Pini ikizama sana hukata nyuzi za kitambaa.

Pima kwenye picha umbali kutoka pale itakapokunjwa juu hadi upeo, tuseme sentimita 20. Weka alama ya penseli ya kimo hicho nyuma ya mbao fupi zote mbili, na nyingine katikati ya kila ubao. Laza kanvasi kifudifudi, weka fremu juu yake, ukutanishe alama na alama.

Mafundi wengi huanza katikati ya pande ndefu. Kwa bahari, anza kwenye upeo: pini moja kwenye alama ya upeo upande wa kushoto, kisha vuta na upige ya kulia. Hapo mstari umefungwa ncha zote mbili. Ndipo uende katikati ya upande wa juu na wa chini. Geuza fremu, nyoosha uzi kutoka ncha ya upeo hadi nyingine, uutazame. Mstari ukiwa na kitumbo kwenda juu, umevuta juu kuliko chini. Ukizama, ni kinyume chake. Ukizidi milimita 1, ng'oa pini ya katikati urudie sasa, kwa sababu baada ya pini 40 hutakuwa na moyo wa kurudia.

Kutoka hapo songa kuelekea kona, pini 2 upande mmoja na 2 upande wa pili, kila sentimita 4, pini zikilala mshazari ili zishike nyuzi nyingi. Usimalize upande mmoja wote kwa mkupuo. Kanvasi itasukumwa na kufanya mikunjo kwenye kona. Acha sentimita 8 za mwisho kila kona. Pima uzi tena. Kona zikunjwe ili mshono uangukie juu na chini, si ubavuni, maana anayeingia mlangoni huona ubavu kwanza. Kabari ziingizwe kwa mkono tu, bila nyundo.

Ukutani

Upeo ukae karibu na kimo cha macho, sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni. Kwenye ukuta wa tofali toboa kwa biti ya milimita 6, weka fisha mbili zilizo mbali kwa sentimita 50 au 60, usitumie msumari mmoja katikati. Picha inayoning'inia kwa msumari mmoja huinama kila mlango unapobamizwa. Pimamaji iweke juu ya fremu, kisha usimame nyuma mita 3 na uamini macho: dari au kabati vikiwa vimeinama, jirekebishe kufuata upeo na si dari.

Bandika vipande vya raba vya sentimita 1 kwenye kona za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Wakati wa masika kuta hutoa unyevu, na kanvasi iliyolalia ukuta huota madoa kwa nyuma. Usiitundike juu ya sehemu ya moto wala mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini.

Hewa ikibadilika kutoka kiangazi hadi masika na kurudi, kanvasi italegea kidogo, na utaiona ikifanya wimbi karibu na kona. Shusha picha, gonga kabari za kona hiyo kwa nyundo nyepesi, milimita 1 kwa mara moja, kisha pima uzi kwenye upeo kabla ya kuirudisha.